Kompyuta Ina Njaa, Mnaiita Mzee

"Imechoka hii, mama. Ya mwaka 2011! Hata ukiiongezea RAM utakuwa unampigia mbuzi gitaa. Jikaze ununue mpya."

Maneno hayo aliambiwa mama mmoja mwenye steshenari jirani na chuo, hapa Dar es Salaam, siku alipopakia mashine yake kwenye bajaji kwenda kuulizia. Aliyemwambia hakufungua kifuniko, wala hakuuliza mashine hiyo inafanyiwa kazi gani. Alisoma kibandiko cha mbele, akahesabu miaka kwa vidole, akatoa hukumu. Mama akarudi na mashine yake, pamoja na bei ya kompyuta nyingine iliyoandikwa kwa peni kwenye kipande cha boksi. Bei hiyo kwake ni kodi ya fremu ya miezi kadhaa.

Hukumu hiyo nimeisikia mara nyingi mno, siwezi tena kuiacha ipite. Naisikia Kariakoo, naisikia kwa jamaa wa Luthuli Avenue kule Nairobi, naisikia kwenye ofisi zenye wataalamu wa TEHAMA wanaolipwa mshahara. Imeshakuwa kama sheria ya maumbile: kompyuta ikipita miaka mitano imezeeka, ikizeeka inakuwa nzito, ikiwa nzito haina dawa ila kutupwa. Nasema si kweli. Na uongo huo kila siku unawatoa fedha watu ambao shilingi yao ilikuwa na kazi nyingine.

Tuanze na mashine yenyewe, maana wanaohukumu hawaanzi nayo.

Nilifika pale steshenari Ijumaa asubuhi, dirisha la maombi ya Bodi ya Mikopo likiwa wazi. Vijana walikuwa wamejipanga mpaka barazani, kila mmoja na bahasha ya kaki yenye vyeti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo hapo, iangalie mwenyewe."

Ilikuwa HP Compaq 8200 Elite, prosesa yake Core i3 ya kizazi cha pili, kumbukumbu (RAM) GB 2, diski ya kuzunguka. Kivinjari kilikuwa na kurasa nne wazi, barua ya kijana mmoja ilikuwa kwenye Word, na programu ya kuzuia virusi ilikuwa inafanya doria yake chinichini. Ukibofya, mshale unageuka kiduara, kiduara kinazunguka, kijana anaangalia saa. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye ile taa ndogo ya diski usoni mwa kasha. Ilikuwa inawaka mfululizo, haipepesi, na kutoka ndani diski ilisikika ikikereza bila kupumzika, krr, krr, krr.

Nikabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Dirisha la matumizi ya mashine lilipofunguka, baada ya kungojewa sana, lilisema yote: prosesa asilimia 14, kumbukumbu asilimia 96, diski asilimia 100. Kile kinachodaiwa kuzeeka, yaani prosesa, kilikuwa kimekaa bure kinasubiri kuletewa kazi.

Hapo ndipo hadithi ya uzee inapovunjika. Prosesa iliyotoka kiwandani mwaka 2011 ikipiga mapigo bilioni 3.1 kwa sekunde, leo inapiga bilioni 3.1 zilezile. Haina magoti ya kuuma. Kumbukumbu nayo haina kinachosogea ndani yake. Kila biti imehifadhiwa kama chaji ndogo ya umeme, inayojazwa upya mara kadhaa katika kila sekunde, kwa muundo ambao Robert Dennard wa IBM alipewa hataza yake mwaka 1968. Watengenezaji wenyewe wanalijua hilo. Kampuni kama Kingston huuza kumbukumbu zake za kompyuta za mezani kwa dhamana ya maisha. Nani angetoa dhamana ya maisha kwa kitu kinachochoka?

Vipo vinavyochakaa kweli, na fundi mwaminifu atavitaja kwa majina. Feni huchakaa. Mota ya diski huchakaa. Kapasita za kisambaza umeme huvimba. Lile gundi la kupitisha joto juu ya prosesa hukauka likawa kama chokaa. Betri ya saa, kile kidude cha duara kiitwacho CR2032, huisha nguvu, na ikiisha, kila ukiwasha mashine tarehe inarudi miaka ya nyuma, tovuti za benki na za serikali zinagoma kufunguka kwa sababu vyeti vyake vya usalama havilingani na tarehe, na mwenye mashine anaambiwa kompyuta imekufa. Nimewahi kukuta mashine iliyoandikiwa kutupwa kwa ajili ya kibetri hicho. Lakini mara nyingi si hivyo vinavyoifanya kompyuta ichukue dakika nzima kufungua barua.

Kilichobadilika ni mzigo. Windows XP ya mwaka 2001 iliridhika na MB 64 za kumbukumbu. Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, haikubali chini ya GB 4. Hiyo ni mara 64 katika miaka 20, kwa mfumo wa uendeshaji peke yake, kabla hujafungua chochote. Na ukurasa mmoja wa intaneti, wenye matangazo na video zake, siku hizi unaweza kujinyakulia mamia ya MB. Mama wa steshenari hakubadilisha kazi yake. Kazi ileile, ya kujaza fomu na kuchapa barua, ndiyo iliyonenepeshwa na watu asiowajua.

Sasa, kumbukumbu isipotosha kunatokea nini? Chukua duka la Kariakoo. Kumbukumbu ni kaunta, diski ni stoo. Kaunta ikiwa pana, kila kinachoulizwa muuzaji anakichukua kwa kunyoosha mkono. Kaunta ikijaa, lazima arudishe kitu stoo ndipo apate pa kutandaza kingine. Na hicho alichokirudisha ndicho anachokiulizia mteja anayefuata. Hapo watu husema, "Basi stoo iko mbali kidogo." Kidogo? Kumbukumbu ya aina ya DDR3 huijibu prosesa ndani ya sehemu moja ya milioni kumi ya sekunde, au chini ya hapo. Diski inayozunguka mara 7,200 kwa dakika huchukua kwa wastani milisekunde 4 na ushei kusubiri tu sahani ifike mahali panapotakiwa, ukiongeza muda wa mkono wa kusomea kusogea unafika kama milisekunde 12. Fanya kwamba kuchukua kitu kaunta ni sekunde moja. Kwa kipimo hicho, kukifuata stoo ni zaidi ya sekunde laki moja, yaani siku nzima na masaa juu yake. Huyo muuzaji ameacha kaunta, amepanda basi mpaka Bukoba, kufuata pakiti moja ya chumvi. Na kompyuta yenye njaa ya kumbukumbu inasafiri safari hiyo makumi ya mara katika kila sekunde ya maisha yetu, wakati foleni inarefuka barazani.

Ugonjwa huu hata si mpya. Mmarekani Peter Denning aliuchambua mwaka 1968, enzi za kompyuta zinazojaza chumba. Alionyesha kwamba kila programu, kwa wakati fulani, ina kundi la kurasa za kumbukumbu inazozihitaji ziwe karibu. Kundi hilo likienea, kazi inakwenda. Lisipoenea, mashine inaacha kazi na kushinda ikipeleka na kurudisha kurasa. Na mwendo hauteremki taratibu kama mtu anayezeeka. Unaporomoka ghafla, kama daladala iliyokatika shafti. Ndiyo maana watu hutuambia, "Fundi, wiki iliyopita ilikuwa nzima kabisa." Wanasema kweli. Wiki iliyopita mzigo ulikuwa bado unaenea.

Mteremko huo mkali ndio unaofanya dawa yake nayo iwe kali. Ukivuka kile kiwango ambacho kundi la kurasa linaenea, mashine inafufuka mara moja. Ukishavuka, kuongeza zaidi hakukusaidii kitu. Kutoka GB 2 kwenda GB 8 ni mbingu na ardhi. Kutoka GB 8 kwenda GB 16, kwa kazi ya fomu na barua, utakuwa umemnufaisha muuzaji tu.

Nilikwenda Kariakoo nikanunua kumbukumbu mbili za GB 4, zilizotolewa kwenye mashine iliyoungua kwa umeme. Bei ya zote mbili haikufika sehemu ya kumi ya ile iliyoandikwa kwenye kipande cha boksi. Pale sokoni pana mtego mmoja ambao naomba uukumbuke. Utaonyeshwa kumbukumbu kubwa kwa bei ya kutupa, nawe utadhani umeokota dodo chini ya mwarobaini. Nyingi kati ya hizo ni za seva, na mashine ya kawaida ya mezani haiwaki nazo. Kagua kibandiko: ukiona imeandikwa REG au ina herufi R baada ya tarakimu za kasi, rudisha. Za laptop nazo ni fupi, haziingii. DDR2 na DDR3 za mezani zote zina pini 240, lakini pengo lao haliko mahali pamoja, limewekwa hivyo makusudi ili asiyejua asichomeke yasiyochomekeka. Ukiona haiingii, usiilazimishe.

Nikazima mashine, nikachomoa waya, nikabonyeza kitufe cha kuwashia ili umeme uliobaki uishe, nikashika bati la kasha. Kifuniko cha HP hii hakihitaji hata bisibisi. Ndani palikuwa na vumbi la karatasi, jeupe, laini kama unga wa sembe, limelala kila mahali. Nikalipuliza, nikalifuta kwa brashi ya rangi. Na hapo yakaonekana: matundu manne ya kumbukumbu, mawili yana kijiti cha GB 1 kila moja, mawili matupu. Matupu tangu kiwandani! Miaka yote hiyo mama wa watu ametukanwa kwamba ana mashine mbovu, kumbe mashine ilikuja na viti viwili visivyokaliwa, na hakuna aliyewahi kufungua mlango akaviona.

Nikavichomeka viwili vile vya GB 4, kila kimoja kwenye njia yake, kwa sababu prosesa hiyo ina njia mbili za kufikia kumbukumbu, kila moja upana wa biti 64, na ukizilisha sawasawa inasoma biti 128 kwa mpigo. Vishikizo vikalia ko, ko. Nikawasha. Mashine ikapiga milio mitano, taa ikamweka nyekundu mara tano, ikanyamaza, ikarudia.

"Ndiyo imekufa sasa?" mama akauliza, na sauti yake ilinichoma.

Haikuwa imekufa. Kwa mashine za HP za aina hiyo, milio mitano na taa nyekundu maana yake ni kumbukumbu haijashika vizuri. Nikakitoa kijiti kimoja, nikaomba kifutio cha penseli kutoka kwenye rafu yake mwenyewe ya vifaa vya shule, nikasugua zile pini za rangi ya dhahabu mpaka utando ukatoka, nikapuliza, nikarudisha. Mara hii ikawaka kimya. GB 10, namba ambayo huioni kwenye tangazo lolote la duka, lakini ndiyo jumla ya mbili za zamani na nane za kununuliwa. Tukafungua kurasa zilezile nne, Word ileile, doria ileile. Kumbukumbu asilimia 34. Diski ikafanya kazi yake, taa ikapepesa, ikazima.

Mama akaniangalia. "Ndiyo hiyo tu?"

Ndiyo hiyo tu.

Najua majibu ya wanaonipinga, kwa kuwa nimeyasikia mezani kwangu, na baadhi yana uzito.

Wa kwanza ni mafundi wenzangu wanaosema, "Mwekee SSD, achana na RAM." SSD, ile diski isiyozunguka, naipenda, na mashine nyingi nimeziwekea. Lakini pimeni. SSD ya kawaida hujibu kwa takriban sehemu ya elfu kumi ya sekunde. Kwa kile kipimo cha kaunta, safari ya Bukoba imegeuka safari ya robo saa. Ni nafuu kubwa, lakini bado ni muuzaji anayeacha kaunta kila mteja akiuliza kitu, na SSD nayo ina idadi ya maandiko inayoweza kustahimili kabla ya kuchoka. Kuifanya iwe kaunta ni kuila mapema. Ikiwa kumbukumbu imejaa, anza na kumbukumbu. Ikiwa kumbukumbu ina nafasi na bado diski iko asilimia 100, anza na SSD. Ukiweza vyote viwili, weka vyote. Ninachokataa ni kuandika dawa kabla ya kumpima mgonjwa.

Wa pili wana hoja nzito zaidi: Windows 10 iliacha kupewa ulinzi tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizikubali mashine hizi. Ni kweli tupu. Lakini soma masharti yenyewe ya Windows 11. Inataka kumbukumbu GB 4, ambazo mashine hii inazimudu mara mbili na zaidi. Inachokataa ni kukosekana kwa chipu ya usalama ya TPM 2.0, na karibu prosesa zote za Intel zilizotangulia kizazi cha nane. Huo ni mlango uliofungwa na kampuni kwa sababu zake; hauthibitishi kwamba nyumba imebomoka. Microsoft yenyewe imetoa nyongeza ya ulinzi kwa watumiaji wa kawaida wanaojiandikisha, mpaka tarehe 13 Oktoba 2026. Na ipo Linux. Linux Mint inapendekeza GB 4 tu, ni bure, na inapewa ulinzi wake bila kuuliza mashine imezaliwa mwaka gani. Sitamdanganya mtu kwamba kuhamia huko hakuna usumbufu: barua zenye majedwali magumu huweza kupotoka zikifunguliwa kwenye LibreOffice, baadhi ya printa hutaka subira, na wafanyakazi watalalamika wiki mbili za mwanzo. Sitamwambia pia mtu aendelee kufanya mambo ya benki kwenye mfumo usiolindwa. Lakini usumbufu wa wiki mbili na kununua mashine mpya si gharama moja, na mwenye fedha zake ana haki ya kuwekewa zote mbili mezani achague mwenyewe.

Wa tatu wanataja umeme. Hapa nakubali nusu. Prosesa ya mashine hii imewekewa kikomo cha wati 65, laptop ya kisasa inatumia kidogo kuliko hapo, na mita ya LUKU inajua tofauti hiyo. Tena umeme ukikatika laptop inaendelea, ya mezani inazima na barua ya mtu ndani. Kwa anayekaa sehemu yenye umeme wa kubahatisha, hiyo peke yake inaweza kuwa sababu ya kubadilisha, nami sitabishana naye. Lakini wanaotaja umeme wa kutumia hawataji ule wa kutengeneza. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa kilitoa hesabu kwamba kompyuta moja ya mezani pamoja na skrini yake ya kioo kizito ya enzi hizo ilihitaji kilo 240 za fueli za kisukuku, kilo 22 za kemikali na lita 1,500 za maji hadi kutoka kiwandani. Miaka miwili kabla, mtafiti Eric Williams na wenzake walikuwa wameshapima chipu moja ya kumbukumbu ya MB 32, yenye uzito wa gramu 2. Kuitengeneza na kuitumia kulikula gramu 1,600 za fueli na gramu 72 za kemikali, mbali na lita 32 za maji. Gramu mbili! Ukikitazama kile kijiti cha kijani kiganjani mwako baada ya kujua hivyo, huwezi tena kukiita takataka.

Na takataka zenyewe zinakwenda wapi? Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na ni asilimia 22.3 tu zilizokusanywa na kurejelezwa kwa utaratibu unaojulikana. Zilizobaki nyingine ziko kwenye vyumba vya nyuma, nyingine zinachomwa na vijana wanaotafuta shaba, moshi wa plastiki ukiwaingia mapafuni. Kila anayesema "tupa" awe tayari kusema pia "tupa wapi".

Linabaki lile neno tamu, "mpya". Wahenga walisema kipya kinyemi, kingawa kidonda, na sijui mahali linapofaa kuliko kwenye rafu za kompyuta za bei ya chini. Laptop nyingi za bei hiyo zinakuja na GB 4 za kumbukumbu zilizochomewa moja kwa moja kwenye bodi. Hakuna tundu la kuongeza, na siku njaa itakapoanza, haina tiba ila kutupwa kwa kweli. Na mara nyingi hicho kinachoitwa kipya si kipya: ni mashine ya ofisi ya Ulaya iliyotumika, iliyofutwa vumbi na kubandikwa stika nyingine. Sizidharau, nyingine ni nzuri sana. Lakini ile aliyoandikiwa mama kwenye boksi, nilipopiga simu kuulizia, ilikuwa mojawapo ya hizo, na kumbukumbu yake ilikuwa GB 4, kijiti kimoja. Wangemuuzia njaa nyingine kwa bei ya miezi ya kodi.

Kibaya zaidi, kumbukumbu mpya zenyewe zinaadimika. Viwanda vinavyotengeneza chipu hizi kwa wingi ni vichache sana duniani, na sasa vimegeuza uso kuelekea vituo vya data vya akili mnemba. Desemba 2025 Micron ya Marekani ilitangaza kuiacha biashara yake ya Crucial, iliyokuwa ikiwauzia watu wa kawaida. Katika hali hiyo, anayetupa mashine nzima yenye vijiti vizima ndani yake anatupa kitu ambacho kesho atakinunua kwa bei ya juu.

Sidai kwamba kila mashine iokolewe. Zile za DDR2, zenye Core 2 Duo, mara nyingi nawaambia wenyewe waziache; kumbukumbu zake kubwa ni adimu, na fedha itakayotumika inakaribia kupata nyingine bora. Kapasita za bodi zikivimba vichwa, siongezi kitu. Diski ikianza kugonga tak, tak, kwanza tunaokoa mafaili.

Wapo pia mafundi wanaolichafua jina la kazi hii kwa upande wa pili, wanaouza RAM kama karanga bila kuangalia inakwenda wapi. Niliitwa ofisi moja iliyokuwa imelipia GB 8 na kuona mwendo haukubadilika. Nikafungua taarifa za mfumo: imewekwa GB 8, zinazotumika 3.24. Windows yao ilikuwa ya biti 32. Mfumo wa biti 32 unahesabu anwani 4,294,967,296 na hapo mwisho wake, na sehemu ya anwani hizo inachukuliwa na vifaa vingine vya mashine. Prosesa yao ilikuwa ya biti 64 tangu siku ya kwanza. Ilihitaji kusakinishiwa mfumo wa biti 64, kazi ya mchana mmoja. Aliyewauzia hakuangalia. Kisha ofisi hiyo nayo ikajiunga na wale wanaosema kuongeza RAM ni kupoteza fedha, na siwezi kuwalaumu.

Linaloniuma kuliko yote liko kwenye shule moja ya sekondari, ambayo jina lake naliacha. Nyuma ya maabara yao, chini ya turubai la bluu, kuna kompyuta 20 za mfano mmoja, zote za kizazi kilekile cha ile ya steshenari. Kamati imeziandika chakavu. Niliomba kufunua moja, nikafungua kifuniko: matundu manne, vijiti viwili vya GB 1, matundu mawili matupu. Nikafungua ya pili na ya tatu, hali ileile. Mwalimu wa kompyuta alisimama pembeni yangu bila kusema neno. Darasani kwake wanafunzi wanasoma sehemu za kompyuta kutoka kwenye mchoro ubaoni.

Hesabu yake haihitaji hata kikokotoo. Toa vijiti kwenye mashine kumi, viweke kwenye kumi nyingine, na unazo mashine kumi za GB 4 zinazotosha Linux Mint, hata shilingi moja haijatoka. Kumi zilizobaki zinahitaji vijiti viwili vya GB 2 kila moja, vile ambavyo Kariakoo vinakaa kwenye makopo kwa kukosa mnunuzi. Watoto 20 kwa wakati mmoja, badala ya sifuri.

Nimemwandikia mkuu wa shule barua, ukurasa mmoja, yenye hesabu hiyo. Nimeomba anipe Jumamosi moja na wanafunzi wanne wa kunisaidia kufuta vumbi. Brashi ninayo, na kifutio ninacho. Barua imegongwa muhuri wa kupokelewa. Mnada wa vifaa chakavu wameupanga mwisho wa mwezi.